Msitu Hulindwa kwa Daftari: Ushauri kwa Msimamizi Mpya wa Msitu wa Kijiji

Huenda umechaguliwa juzi kuingia kamati ya maliasili ya kijiji. Huenda umeajiriwa na shirika kusimamia msitu wa hifadhi, au umemaliza chuo na barua ya kwanza ya kazi imekupeleka wilaya usiyoijua. Vyovyote iwavyo, watu watakupongeza kana kwamba umepewa kazi ya kukamata wavamizi. Utaletewa umbea wa usiku, utaulizwa kama utapewa bunduki, na vijana wa mgambo watataka kujua doria ya kwanza ni lini. Doria itakuja. Kuna kazi inayoitangulia, na bila hiyo doria ni matembezi tu.

Msimamo wangu, baada ya kukaa na kamati nyingi za vijiji, ni huu: msitu hupotea mpakani na kwenye makaratasi kabla shoka halijafika katikati yake. Mpaka usiojulikana hautetewi mbele ya baraza. Mti usiohesabiwa hauna anayeudai ukiibwa. Pesa isiyosomwa hadharani huwafanya wanakijiji wauone msitu kuwa shamba la viongozi, na shamba la viongozi halina mlinzi. Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari ni kama walikuwa wamekaa kwenye kikao cha kamati ya maliasili.

Tathmini ya kitaifa iliyotolewa mwaka 2015 ilionyesha kuwa Tanzania Bara ina takriban hekta milioni 48.1 za misitu, na karibu nusu yake iko kwenye ardhi ya vijiji. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, una misitu yake ya kulinda na hauwezi kuweka askari nyuma ya kila kijiji. Kwa hiyo sehemu kubwa ya misitu ya nchi iko mikononi mwa watu kama wewe, wengi wao wakifanya kazi kwa posho ndogo au bila posho kabisa. Ushauri unaofuata ni kwa ajili yao.

Fungua kabati la ofisi

Siku ya kwanza usiende msituni. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, muombe nyaraka nne: cheti cha ardhi ya kijiji, mpango wa matumizi ya ardhi, mpango wa usimamizi wa msitu pamoja na ramani yake, na sheria ndogo za msitu. Zisome zote, neno kwa neno, hata kama itakuchukua wiki.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikaongeza kwamba kijiji kinaweza kutenga msitu, kuusimamia, na kubaki na mapato yake. Mamlaka hayo yana mlango mmoja, nao ni utaratibu. Sheria ndogo hutungwa na halmashauri ya kijiji, hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, kisha huidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Hatua moja ikirukwa, mtuhumiwa mwenye mtetezi mzuri atatoka mahakamani akicheka, na wewe utarudi kijijini umeaibika.

Kwa hiyo tazama mihuri. Tazama tarehe ya mwisho ya mpango wa usimamizi, maana mipango huisha muda, na kijiji huendelea kuvuna kwa mpango uliokufa bila mtu kujua. Tazama kama kiwango cha faini bado kina maana kwa bei za leo. Ukikuta nakala ni moja tu, toa nyingine tatu: moja ya kamati, moja ya afisa misitu wa wilaya, moja ihifadhiwe na mtu ambaye si kiongozi. Zipige picha kwa simu pia. Mvua, panya na uchaguzi wa serikali za mitaa vimekwisha kumaliza makabati mengi.

Ukipata nafasi, soma habari za Duru-Haitemba, wilayani Babati. Miaka ya 1994 na 1995, msitu ule wa miombo ulikuwa ukielekea kufanywa hifadhi ya serikali. Vijiji vinane vinavyouzunguka vikasimama na kusema vitausimamia vyenyewe. Viligawana maeneo, vikaandika kanuni, vikaweka walinzi wao. Sheria ya 2002 ilipokuja kutambua misitu ya vijiji, ilikuta jambo limekwisha kufanyika. Kiteto nako vijiji vya SULEDO vilifanya hivyo hivyo, na mwaka 2002 vikapata tuzo ya kimataifa ya Equator. Hawa hawakuanza na silaha, walianza na makubaliano yaliyoandikwa.

Tembea mpaka, lakini usitembee peke yako

Nyaraka zikishaeleweka, tembea mpaka wote. Chukua mjumbe wa halmashauri ya kijiji, wazee wawili wanaokumbuka mpaka ulivyowekwa, na vijana wa kufyeka. Zaidi ya hao, waalike viongozi wa kijiji jirani kwa barua. Mpaka uliotembewa na upande mmoja ni madai tu. Mpaka uliotembewa na pande zote mbili, ukaandikwa na kusainiwa siku hiyo hiyo, utakuokoa miaka kumi baadaye, wakati wazee wale hawapo tena kutoa ushahidi.

Kila kona iwe na alama: bikoni kama mna fedha, rundo la mawe au rangi kwenye miti mikubwa kama hamna. Andika namba ya kila alama, vipimo vyake vya GPS, na maneno ya kawaida kama "mkwaju mkubwa kusini mwa korongo". Simu huibiwa na betri hufa. Maneno kwenye daftari hubaki. Mabango yawekwe panapopita njia za watu, na yataje kinachoruhusiwa pamoja na kinachokatazwa, maana bango la makatazo matupu hugeuzwa kuni.

Uvamizi wa mashamba hauji kwa kishindo. Mkulima huongeza hatua tatu mwaka huu, tano mwaka ujao, na mwaka wa nne anapanda mikorosho. Mazao ya msimu yanaweza kusubiri mavuno kisha mwenyewe akarudi nyuma. Mkorosho ukishatia mizizi una hadhi ya mali ya kudumu, na kesi inageuka kuwa ya fidia. Ndiyo maana mpaka ufyekwe kila mwaka kabla ya msimu wa kuandaa mashamba, si baada yake. Ukimkuta mtu amevuka, mwite kwa heshima siku hiyo hiyo, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji chake, na mkubaliane kwa maandishi tarehe ya kurudi nyuma. Ukikaa kimya msimu mmoja, umemwandikia ruhusa.

Jua kilichomo ndani

Mtu mwenye duka asiyejua idadi ya mifuko ya saruji iliyo stoo hawezi kusema ameibiwa. Msimamizi naye ahesabu. Hesabu ya kila mti haiwezekani, kwa hiyo wataalamu hutumia maeneo ya sampuli: vipande vidogo vyenye ukubwa uliokubaliwa, vilivyotawanywa msituni kwa mpangilio, ambamo kila mti hupimwa. Afisa misitu wa wilaya atawafundisha. Kipimo cha msingi ni kipenyo cha mti kwenye usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Kama hamna kifaa maalumu, zungusha futi kamba kwenye shina na ugawe mzunguko kwa 3.14, mti wenye mzunguko wa sentimita 94 una kipenyo cha takriban sentimita 30.

Andika jina la mti kwa lugha ya hapo kwenu kwanza, kisha la Kiswahili, kisha la kitaalamu kama mnalo. Jina linalojulikana na mzee wa kijiji ndilo litakalokuwezesha kuuliza mti huo unatumikaje, unaota wapi na unazidi kupungua au la. Piga picha sehemu zile zile, mwezi ule ule, kila mwaka. Picha mbili zilizopishana miaka mitano hushawishi mkutano mkuu kuliko hotuba.

Hesabu hiyo ndiyo inayowaambia mvune kiasi gani. Mpingo unaweza kuchukua miaka 70 hadi 100, wakati mwingine zaidi, kufikia ukubwa wa kuvunwa. Kijiji kikiuza mipingo yake mikubwa yote kwa msimu mmoja, wajukuu wa walioiuza ndio watakaoona mingine. Kwa hiyo kiasi cha kuvuna kiandikwe kwenye mpango, kwa idadi ya miti ya kila aina kila mwaka, na kisibadilishwe kwa sababu mnunuzi amekuja na lori wakati wa ada za shule.

Moto: jifunze kalenda yake

Katika misitu ya miombo, moto utakusumbua kuliko majangili. Karibu kila mara chanzo chake ni mtu: anayesafisha shamba, mrina asali, mwindaji anayefukuza wanyama, mfugaji anayetaka nyasi changa. Mtu anapopiga kiberiti Julai na anapokipiga Oktoba anafanya mambo mawili tofauti kabisa.

Mvua zinapokoma, nyasi za juu hukauka lakini chini bado kuna unyevu. Moto wa wakati huo, kwa maeneo mengi ya kusini kuanzia Mei hadi Julai, hutembea polepole, huruka mabonde na kuacha viraka. Kufikia Septemba na Oktoba kila kitu kimekauka, upepo umeongezeka, na miti ya miombo imeanza kutoa majani mapya kabla ya mvua. Moto wa wakati huo hupanda, huunguza vichipukizi na kupenya magome ya miti michanga. Mche wa mninga hufa juu ya ardhi kila kiangazi kwa miaka kadhaa huku mzizi ukinenepa chini, hadi mwaka unapopata nguvu ya kurefuka kwa mkupuo. Moto mkali ukipita kila Oktoba, mkupuo huo hauji, na msitu unabaki na wazee bila watoto.

Ushauri wangu kwa misitu ya aina hiyo ni kuchoma mapema, kwa mpango, sehemu kwa sehemu. Pata kibali kwa maandishi. Waarifu wenye mashamba, wafugaji na kijiji jirani siku kadhaa kabla. Andaa barabara ya moto, yaani ukanda uliofyekwa na kukwanguliwa hadi udongo uonekane. Washa jioni upepo unapotulia, ukianzia upande ambao moto utatembea dhidi ya upepo. Kumbuka moto hupanda mlima haraka kuliko unavyoshuka, kwa hiyo mtu asisimame juu ya mteremko unaowaka chini yake. Muwe na reki, chepe, matawi mabichi, maji ya kunywa, na mtu mmoja anayetoa amri. Msiondoke hadi magogo yanayofuka yamezimwa. Moto mwingi wa pili huanza saa sita mchana kesho yake, watu wakiwa wamelala kwa uchovu.

Tahadhari moja: haya ni ya miombo. Msitu wa mvua kama ule wa Usambara, au msitu mnene wa pwani, haukuzoea moto. Huko kazi yako ni kuzuia moto usiingie kabisa, na kiberiti hakina nafasi katika mpango wenu.

Doria yenye akili

Doria nzuri haina ratiba inayojulikana sokoni. Kama mnatoka kila Jumatatu asubuhi, wapasua mbao watafanya kazi Jumanne. Badilisheni siku, saa na njia, na jueni dalili za kusikiliza: msumeno wa mnyororo husikika mbali alfajiri, tanuri la mkaa hutoa moshi mzito na harufu hata usiku, na bodaboda zinazotoka njia ya msituni kabla ya jua zina mzigo. Nendeni watu wanne au zaidi, mwachieni mtendaji taarifa ya njia mtakayopita, na kuweni na mmoja anayejua huduma ya kwanza. Mahali penye tembo na nyati, tembeeni kwa kuangalia upepo na msikate njia kwenye vichaka vizito.

Jua mipaka ya mamlaka yako. Magogo na mkaa katika msitu wa kijiji ni jambo la kamati. Meno ya tembo, nyamapori na silaha ni jambo la polisi na mamlaka ya wanyamapori. Kazi yenu ni kujificha, kuandika na kupiga simu. Mgambo mwenye rungu asipimane nguvu na mtu mwenye gobori. Hakuna gogo lenye thamani ya maisha ya kijana wa kijiji.

Mtuhumiwa asipigwe. Nasema hivi kwa sababu ya utu, na pia kwa sababu mtu aliyepigwa hugeuka mlalamikaji, na kesi ya msitu hufa hapo. Mwandike jina, mahali, saa, vielelezo na mashahidi. Vielelezo vipewe namba na vihifadhiwe ofisini. Mbao zilizokamatwa zikionekana kwenye mlango mpya wa mjumbe, kamati imekwisha. Zitumieni kwa uamuzi ulioandikwa kwenye muhtasari: madawati ya shule, paa la zahanati, au mnada wa wazi.

Mara nyingi utakayemkuta na shoka si mgeni. Ni shemeji yako, au mzee aliyekufundisha kuchunga. Msalimie kwanza. "Shikamoo, mzee." Akishaitikia, ndipo uulize: "Naomba kuona kibali, mzee wangu." Kama hana, usimfokee na usimwachie. Mwambie kwamba utaandika, kwamba mwingine wa kamati ndiye atakayelisikiliza shauri kwa kuwa wewe ni mtu wa familia, na ufanye hivyo kweli. Kijiji kizima kinasubiri kuona utamfanyaje shemeji yako. Ukimsamehe kimyakimya, umewasamehe wote. Ukimwandika kwa adabu, hutahitaji kuwaandika wengi baada yake.

Gogo, futi kamba na mnunuzi

Msitu usiolipa chochote hulindwa kwa muda tu. Lakini msitu unaouzwa vibaya huisha mapema kuliko ambao haukuuzwa kabisa. Kilwa kuna mfano wa kutazama. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya huko, kwa msaada wa shirika la uhifadhi wa mpingo, ilipata cheti cha FSC kinachothibitisha kwamba mti umevunwa kwa uangalifu. Kijiji cha Kikole kilikuwa miongoni mwa vya mwanzo. Mpingo hutumika kutengeneza klarineti na ala nyingine za muziki zinazouzwa ghali Ulaya na Marekani, na cheti kile kiliwapa wanakijiji sauti mbele ya mnunuzi. Kilichokuwa nyuma ya cheti ni mambo ya kawaida: mpaka, hesabu ya miti, mpango, na kumbukumbu za kila gogo.

Jifunze kupima gogo mwenyewe. Pima kipenyo cha katikati kwa mita, kizidishe chenyewe kwa chenyewe, zidisha kwa 0.785, kisha zidisha kwa urefu. Gogo la mita 2 lenye kipenyo cha sentimita 40 lina ujazo wa takriban mita za ujazo 0.25. Mnunuzi akisoma futi kamba kwa haraka na kuandika sentimita 35, ujazo unashuka hadi 0.19. Sentimita tano tu, na kijiji kimepoteza karibu robo ya gogo. Kwenye magogo hamsini, hiyo ni hasara kubwa.

Kwa hiyo siku ya kuvuna wajumbe wawili wawepo, mmoja akipima na mwingine akiandika, na mnunuzi asaini karatasi ile ile. Kila mti uliokubaliwa uwekwe alama kabla haujaangushwa, na kisiki kipewe namba sawa na ya gogo. Hesabuni visiki baada ya lori kuondoka, visiki havidanganyi. Gogo lisilo na alama ya nyundo na hati ya usafirishaji lisipakiwe, hata kama dereva anasema atakamilisha huko mbele kwenye kizuizi. Fedha zipokewe kwa stakabadhi, iwe ya kitabu au ya mashine, na ziingie benki. Anayepokea asiwe anayeidhinisha matumizi.

Halafu, kila mkutano mkuu, soma hesabu kwa sauti: tulivuna miti mingapi, tuliuza kwa nani, tulipata kiasi gani, faini ni ngapi, tumetumia nini, kimebaki nini. Bandika karatasi hiyo ubaoni. Utaulizwa maswali makali. Furahia. Mtu anayeuliza habari za fedha za msitu ameanza kuuona kuwa wake.

Wanaoingia msituni kila siku

Wanawake wanaokwenda kuni, uyoga na mboga za porini huingia msituni mara nyingi kuliko doria yako. Wanajua kisiki kipya kimetokea wapi na chemchemi ipi imekauka. Wakiwa kwenye kamati kwa idadi ya maana, na vikao vikifanyika saa ambazo hawako jikoni wala shambani, utapata taarifa ambazo huwezi kuzinunua. Ukiwakataza kuni kavu bila sababu, umezifunga taarifa hizo.

Wafuga nyuki ni vivyo hivyo. Mwenye mizinga msituni hulinda miti inayochanua na huogopa moto kuliko wewe. Andikisha mizinga, panga maeneo, hamasisha mizinga ya kisasa na bomba la moshi badala ya mienge ya nyasi. Kwa wafugaji, msisubiri kiangazi kikali. Kaeni nao mvua zikiwa bado zinanyesha, mkubaliane njia za mifugo, visima, na sehemu zitakazofungwa kwa sababu miti imevunwa na machipukizi bado ni laini. Makubaliano yaliyofanywa ng'ombe wakiwa wameshiba hudumu zaidi.

Mwambao nao umetoa mafunzo. Karibu na Arabuko-Sokoke, Kenya, mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993 kununua kwa wakazi pupa wa vipepeo kwa ajili ya soko la nje, na watu waliokuwa wakitaka msitu ukatwe uwe mashamba wakapata sababu ya kuuacha usimame. Si kila msitu una soko la vipepeo. Kila msitu una kitu kinachoweza kuchukuliwa bila kuung'oa. Kitafute na watu wa hapo.

Mgeni wa kijani

Usidhani kila kinachoota ni baraka. Katika msitu wa Amani, Usambara Mashariki, mti wa musizi, ambao wataalamu huuita Maesopsis eminii, uliletwa enzi za ukoloni. Hondohondo walikula matunda yake na kutawanya mbegu, na palipokatwa magogo ukajaa haraka, ukichukua nafasi ya miti ya asili. Mashambani na kando ya barabara kuna gugu karoti, linaloua malisho na kuwasha ngozi. Kaskazini na mashariki kuna lantana inayofunga njia. Kanuni ni moja: ng'oa likiwa dogo, kabla halijatoa maua, tena kwa glavu likiwa gugu karoti. Rudi mahali hapo mwaka ujao. Wiki ya kung'oa bila kurudi ni nguvu ya bure.

Elimu, mwili na urithi wa kazi

Kama unataka kuifanya kazi hii maisha yako, njia zipo. Chuo cha Misitu Olmotonyi, Arusha, hutoa mafunzo ya misitu. Chuo cha Nyuki kiko Tabora. Mweka, Kilimanjaro, na Pasiansi, Mwanza, ni vya wanyamapori. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, hutoa shahada. Likuyu Sekamaganga, wilayani Namtumbo, hufundisha askari wanyamapori wa vijiji. Na asiye na cheti asijidharau: mtandao wa MJUMITA huunganisha jamii zinazosimamia misitu, na ziara ya siku mbili kwenye kijiji kilichofanikiwa hufundisha kuliko semina ya hotelini.

Tunza mwili: viatu imara, maji ya kutosha, chandarua unapolala porini. Tunza jina pia: usikubali kusafirishwa, kulishwa wala kukopeshwa na mnunuzi wa magogo, hata soda.

Na kwa kuwa wajumbe hubadilika kila uchaguzi, andaa makabidhiano tangu mwanzo. Ndani ya miezi mitatu ya kwanza uwe umemaliza mambo matano: nyaraka zote zimesomwa na kunakiliwa, mpaka umetembewa na majirani na kusainiwa, madaftari ya doria, ya mavuno na ya fedha yamefunguliwa, kila moja na kurasa zenye namba, kalenda ya moto imebandikwa ubaoni, na hesabu ya kwanza imesomwa mbele ya mkutano mkuu, hata kama ni ya sifuri. Hesabu ya sifuri iliyosomwa wazi huwazoesha watu kudai inayofuata. Atakayekuja baada yako, akikuta wanakijiji wanaidai hesabu hiyo kabla hata hajaketi kwenye kiti, atakuwa na kazi rahisi kuliko yako.